Ndoo ya Tano

Katika ua wa Maame Birago hakuna kitu kilichoruhusiwa kulala kibichi. Muhogo ukimenywa asubuhi, saa sita umeshatandazwa juani. Pilipili, bamia, maganda ya kakao, hata vipande vya sabuni alivyovikata mwenyewe kwa uzi, vyote vilipangwa juu ya mikeka na maturubai, mpaka mgeni akiingia hana pa kukanyaga ila arukeruke kama ndege.

Tabia hiyo aliipata kwa mumewe. Marehemu Nsiah alifanya kazi kiwanda cha mbao pale Kumasi miaka thelathini na moja, na macho yalipomchoka akatolewa kwenye msumeno akawekwa kusimamia mbao zikauke. Hapo ndipo alipoharibika kabisa, kwa maneno ya mkewe. Alikuwa anarudi nyumbani, hata viatu hajavua, anaanza kusimulia habari za watu wanaouza mbao mbichi kama anayesimulia habari za majambazi.

"Birago, wamemuuzia mchungaji milango mibichi! Mchungaji! Kufika Pasaka hautafungika hata mmoja."

"Basi waumini wataingia bila kubisha hodi."

"Wewe cheka tu. Mbao imejaa maji, mtu anaipaka rangi anaiita mlango!"

Mungu alipomchukua Nsiah, Maame Birago alibaki na nyumba ya vyumba vinne, pipa la kuchemshia sabuni, kiti chake kanisani kwa Waadventista, safu ya tatu karibu na dirisha, na hiyo chuki ya maji. Kwa hiyo mtu asimhukumu haraka kwa alichokifanya kwenye ndoo za Pokuaa.

Pokuaa alikuja kupanga chumba cha mbele mwaka wa pili wa ujane wa Maame Birago. Alikuwa mwalimu wa sekondari kule Wenchi, shule ikampa ruhusa aje chuo kikuu kusomea shahada ya pili, mambo ya miti. Msichana mrefu, wa sauti ya chini, asiyejua kupika ila anayejua kula. Wiki ya kwanza alikuwa akisema "shikamoo mama mwenye nyumba" na kupita haraka. Mwezi wa pili walikuwa wanamega fufu bakuli moja, na Maame Birago anamsogezea nyama upande wake bila kumtazama, kama mtu aliyesahau mkono.

Ilikuwa ni huyo Pokuaa aliyesimama siku moja karibu na chungu chenye matundu, akitazama maji ya majivu yanavyodondoka. Maame Birago alitengeneza sabuni kwa njia ya zamani. Maganda ya kakao yakishakauka yanachomwa, majivu yanajazwa kwenye chungu, yanamwagiwa maji, na chini yanatoka maji ya rangi ya chai, makali.

"Maame, haya maji yanakula nini?"

"Yanakula mafuta. Yanakula uchafu. Yanakula na vidole vya watoto wadadisi, toa mkono."

"Yanaweza kula mti?"

"Mwiko wangu wa kwanza uliisha kama pipi. Huu unaouona ni wa nne."

Pokuaa aliuchukua ule mwiko, akaukwangua ncha kwa ukucha. Ncha ilikuwa imelainika, imechambuka nyuzinyuzi kama mswaki wa mti uliotafunwa. Aliingia chumbani kwake na mwiko wa watu, na chakula kikapoa mezani anaandika.

Kesho yake alieleza, na Maame Birago, aliyeishia darasa la sita, alielewa vizuri tu, maana aliyeeleza alikuwa mwalimu.

"Ukitafuna kenkey, bonge la unga wa mahindi, muda mrefu mdomoni inakuwa tamu, si ndiyo? Ni kwa sababu mate yako yana vitu vinaitwa vimeng'enya. Vinakata unga vinatoa sukari. Sasa na kwenye mti kuna sukari, Maame. Nyingi. Sema imefungwa, imebanwa pamoja na gundi ya mti, na vimeng'enya havipati pa kuingilia. Ukimpa unga wa mbao hivi hivi, kimeng'enya anazunguka nje kama mgeni asiyefunguliwa. Lazima kwanza mtu ailegeze ile gundi. Wenzetu wanatumia dawa zinazokuja na meli. Mimi nataka kutumia maji yako."

"Sukari ndani ya mbao?"

"Ndani ya mbao."

"Nsiah kakanyaga unga wa mbao miaka thelathini na moja," Maame Birago alisema polepole, "na mimi nilikuwa nambania sukari kwenye uji."

Wakacheka mpaka jirani, Dufie muuza maandazi, akachungulia juu ya ukuta kuuliza kama wamerithi.

Pokuaa alijaribu kidogo kidogo maabara. Vijiko vitatu vya unga wa mti wa wawa, ule mti mweupe mwepesi unaojaa kwenye viwanda vyote vya mbao vya Kumasi, akavichemsha na maji ya majivu, akaviosha, akaviwekea vimeng'enya papo hapo. Siku ya tatu akapima. Katika kila sehemu mia za sukari iliyofungwa ndani, sehemu sitini na nne zilitoka. Alirudi nyumbani siku hiyo anatembea kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Lakini Profesa Tabiri, msimamizi wake, hakuwa mtu wa kurukaruka.

"Vijiko vitatu hata bahati inaweza," alimwambia. "Chemsha ndoo tano, kila moja siku yake. Zikitoka sawa na hivi vijiko, nakusimamisha mbele ya jopo mwezi wa saba. Zikiyumba, binti yangu, tutatafuta mada nyingine."

Mada nyingine haikuwepo. Ruhusa ya Pokuaa ilikuwa inaisha mwezi wa nane, na mkuu wa shule alishaandika barua mbili. Ama amalize mwezi wa saba, ama arudi Wenchi mikono mitupu akafundishe watoto kitu ambacho yeye mwenyewe alishindwa kukimaliza. Maame Birago alilijua hilo. Kila asubuhi alilitaja katika maombi yake, baada ya wagonjwa na kabla ya serikali.

Chungu cha maabara kilikuwa kidogo, kwa hiyo ndoo zilichemshiwa uani, kwenye pipa la sabuni. Ijumaa ndoo ya kwanza. Jumamosi wakapumzika, kwa kuwa ilikuwa Sabato. Jumapili ya pili, Jumatatu ya tatu, Jumanne ya nne, Jumatano asubuhi ya tano. Maame Birago alikoroga. Pokuaa alitazama saa na kipimajoto. Kisha kuosha: maji juu ya maji, mpaka utelezi utoke. Pokuaa alikuwa na vikaratasi vya kupimia vinavyobadilika rangi. Maame Birago alikuwa na vidole viwili.

"Bado," anasema, akisugua unga kati ya kidole na kidole.

Pokuaa anachovya karatasi. "Kweli, bado."

"Osha tena." Maji yanamwagwa. Anasugua. "Sasa tayari."

"Karatasi inasema tayari."

"Karatasi imefundishwa na nani?"

Ndoo zikapangwa chini ya kibanda cha makuti ya mchikichi, karibu na mtungi wa maji ya kunywa, kila moja imefunikwa, namba imeandikwa kwa mkaa. Ndani yake unga wa mbao ulikuwa umegeuka kitu kingine: laini, mzito, wa rangi ya uji wa ulezi.

Jumatano hiyo hiyo mchana simu ikaja kutoka Wenchi. Mjomba wa mama yake Pokuaa anazikwa Jumamosi. Na kwa Waasante na ndugu zao, msiba haukwepwi kwa sababu ya ndoo.

"Maame, naziacha kwako," Pokuaa alisema, kitambaa cheusi kimekunjwa kwapani. "Ziache tu kama zilivyo. Jumatatu nazipeleka maabara."

"Nenda salama. Mpe mama yako pole."

"Kama zilivyo, Maame."

"Nimesikia mara ya kwanza, mwalimu."

Pokuaa hakueleza kwa nini ziachwe hivyo, kwa sababu hata yeye hakujua. Vile vijiko vitatu vya mwanzo vilitoka kwenye maji vikaingia kwenye vimeng'enya, havikupata nafasi ya kulala popote. Wala hakuna aliyewahi kumuuliza.

Alhamisi asubuhi Maame Birago alifunua ndoo ya kwanza, aone tu. Harufu ilikuwa imeanza kuchachuka kidogo. Dufie alikuwa ukutani na sinia lake kichwani, na Dufie hakuwa mtu wa kupita kimya.

"Shoga, umeanza kufuga funza?"

"Ni kazi ya Pokuaa."

"Pokuaa anafuga funza? Na mbao yote hiyo imelowa hivyo siku sita kwenye joto hili? Mumeo angefufuka."

Aliondoka zake anacheka, lakini neno lilibaki. Maame Birago alizifunika ndoo, akafunua, akafunika. Aliona Jumatatu: mtoto anarudi na macho ya msiba, anafunua, ukungu wa kijani umetapakaa, mwezi wa saba umepotea. Na yeye, mke wa msimamizi wa ukaushaji, alikuwepo nyumbani, jua lilikuwepo, na hakufanya kitu. "Kama zilivyo" ni neno la mtu mwenye haraka, alijiambia. Hata mtu anayekuachia mtoto husema muache tu alivyo. Haina maana asioge.

Akatandika turubai. Alhamisi akaanika ndoo ya kwanza na ya pili, Ijumaa ya tatu na ya nne. Alikaa pembeni na fimbo akifukuza kuku, akigeuza unga kwa kiganja, anaimba. Alikuwa na furaha. Alijiona akimwambia Pokuaa, "Hata hukufikiria, eh? Zimekuwa nyepesi, utazibeba mwenyewe."

Ya tano hakuiwahi. Ijumaa jua lilikuwa linaelekea chini, Sabato inaingia, na sufuria za Sabato bado. Aliiacha pale kwenye ubaridi wa mtungi. Sabato ni Sabato, hata kwa mbao.

Alipokwenda kuzoa zile nne ndipo alipoogopa. Unga ulikuwa umesinyaa. Ndoo iliyokuwa imejaa sasa ilifika nusu, haikufika. Na ulaini wote ulikuwa umekwenda. Chembe zilikuwa ngumu, zinakwaruza kiganja kama gari, ule unga wa muhogo uliokaangwa. Alisugua kati ya vidole vyake viwili, vile vilivyoishinda karatasi, na vidole vikamwambia kitu ambacho hakutaka kusikia.

Kwa haraka, jua likiwa bado linaonekana juu ya bati la Dufie, alichota maji safi akamimina kwenye ndoo ya kwanza mpaka pale unga ulipofika mwanzo, na ya pili, na ya tatu, na ya nne. Unga ukanywa. Ukavimba. Ukaonekana kama mwanzo. Akafunika, akafuta mikono kwenye kitambaa, akaenda kuwasha taa, na hakuimba.

Jumapili mvua ilinyesha tangu asubuhi hadi jioni.

Jumatatu Pokuaa alishuka na viazi vikuu vinne kutoka Wenchi na sauti iliyokauka kwa kulia na kuimba. Maame Birago alikuwa ameamua: atamwambia akishakula. Pokuaa alikula amesimama. Basi atamwambia akishaoga. Alipotoka kuoga teksi ilikuwa inapiga honi.

"Maame, Mungu akubariki, hazijaharibika!"

"Pokuaa..."

"Tutaongea nikirudi!" Na ndoo tano zikaondoka.

Akarudi, wakaongea juu ya msiba, juu ya nani alivaa nini na nani alianguka kwa kulia akaangalia kwanza pa kuangukia. Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Vimeng'enya vinafanya kazi siku tatu kwenye joto la kadiri. Kila siku Maame Birago alijiambia, pengine hakuna kitu. Maji yametoka, maji yamerudi. Kuna ubaya gani?

Ijumaa alasiri Pokuaa aliingia getini akakaa kwenye ngazi na viatu vyake miguuni. Hakuruka mikeka. Aliikanyaga.

"Ishirini na tisa," alisema. "Thelathini na moja. Ishirini na nane. Thelathini."

Maame Birago aliacha kukata sabuni. "Na ya tano?"

"Sitini na sita." Pokuaa alicheka bila furaha. "Ingekuwa afadhali na yenyewe ingeshindwa. Profesa anasema nne zinasema hivi, moja inasema vile, basi hiyo moja ndiyo yenye kosa. Ameniuliza, tena kwa upole, Maame, kwa upole kabisa, kama labda kuna sukari ya chai ilianguka. Mimi! Nimemwapia. Akasema, 'Sijasema umeweka, nimesema imeanguka.' Jumatatu ananipa mada nyingine."

"Hakukuamini?"

"Hata mimi sijiamini. Nimekaa naangalia daftari siku nzima. Maji yale yale, pipa lile lile, saa zile zile. Nimekosea wapi? Nilichoka? Sijui. Sijui nimefanya nini."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Maame Birago alifungua mdomo, akamwona mtoto alivyoegemeza kichwa kwenye nguzo, akaona jinsi atakavyomtazama akishajua. Alikuwa amezika mume. Alikuwa hajajaliwa mtoto. Chumba cha mbele kilikuwa kimekaa na popo mwaka mzima kabla ya msichana huyu. "Nenda kaoge, mwanangu," ndilo neno lililotoka.

Jumamosi alikaa safu ya tatu karibu na dirisha. Waliimba wimbo anaoupenda na yeye alisogeza midomo tu. Hakumsikia mchungaji alihubiri nini. Alikuwa anazungumza na Mungu, na hakuomba asamehewe, hilo alijua litakuja. Alikuwa anaomba apewe siku mbili zaidi. Akajisikia anavyoomba, akaona aibu. Siku mbili za nini? Jumatatu ilikuwa ndiyo mwisho wa Pokuaa. Alichukua mkoba wake akatoka kabla ya baraka, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu abatizwe, na mzee wa mlango akamwuliza kama anaumwa.

"Ndiyo," alisema.

Pokuaa alikuwa uani, jua la saa saba, amepanga madaftari juu ya mkeka kati ya pilipili.

"Mbona mapema, Maame?"

"Nilizianika."

"Ulianika nini?"

"Ndoo zako. Uliponiachia." Alibaki amesimama, na kofia ya kanisani kichwani. "Niliogopa zitaoza. Niliona nakusaidia. Zikasinyaa, nikaogopa, nikazirudishia maji, nikafunika. Ulisema ziache kama zilivyo. Nilisikia. Nikaanika. Na jana ulipokaa hapo kwenye ngazi nilijua, na sikusema."

Pokuaa alimtazama.

"Zote?"

"Nne. Ya tano haikuwahi. Sabato iliingia."

Msichana aliinuka. Kalamu ilianguka, hakuiokota. Alipita katikati ya mikeka, akafungua geti, akatoka.

Maame Birago alikaa pale pale chini, juu ya mkeka, na nguo nyeupe ya Sabato. Pilipili ziliingia chini ya magoti yake. Alikusanya madaftari moja moja, akayapanga kwa ukubwa, kwa sababu mikono ilitaka kazi. Alifikiri, nitamsaidia kufunga mizigo. Nitampa sabuni za kupelekea mama yake. Sabuni kavu. Akalia.

"Jamani, kuna nini huko?" sauti ya Dufie ilitoka ukutani. "Yule mtoto wako amepita hapa anakimbia kama ameibiwa, anaongea peke yake!"

"Anasema nini?"

"Najua? 'Nne na moja, nne na moja.' Umempa nini kula?"

Geti likafunguka kwa kishindo. Pokuaa alikuwa na simu mkononi, anahema, jasho linamtiririka.

"Mtandao haushiki humu ndani, nimeenda mpaka barabarani kumpigia Profesa. Maame, hebu sema tena. Nne ulizianika, zikakauka kabisa kabisa?"

"Kama gari ya muhogo."

"Na ya tano haikuonja jua?"

"Hata kidogo. Pokuaa, nisamehe."

"Subiri, subiri, nitakusamehe baadaye. Kwa hiyo sijakosea! Nne zile zile, moja ile ile! Hazikuyumba, Maame! Nne zimekubaliana kwa sababu zimefanyiwa jambo moja, na ya tano iko sawa na vijiko vyangu!" Akachuchumaa mbele yake, akaona machozi. Akashika ile mikono iliyokuwa bado imekumbatia madaftari. "Ulikuwa unalia?"

"Nilidhani umeondoka."

"Niende wapi bila viatu?"

Kweli, alikuwa peku.

Profesa Tabiri alikuja Jumapili mwenyewe. Mtu mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyevuka mikeka kwa adabu kama anayepita kati ya waliolala. Aliletewa kigoda na maji, akanywa, akauliza habari za nyumbani, na Maame Birago akaeleza kila kitu tena, tangu funza wa Dufie mpaka mvua ya Jumapili, bila kujipunguzia.

"Na ulipozirudishia maji, mama, zilionekanaje?"

"Zilionekana sawa. Lakini vidole havikukubali. Zilikuwa na ugumu ndani." Kisha akanyoosha mkono akachukua kipande cha muhogo mkavu kwenye mkeka, akampa. "Profesa, huu ukiuloweka wiki nzima, utageuka muhogo mbichi?"

"Hapana."

"Utalainika, utaupika utakula. Ila muhogo mbichi ndio basi, haurudi. Hilo kwa muhogo nalijua tangu utoto. Kwa mbao sikulifikiria, maana sisi mbao tulifundishwa kukausha, hakuna zaidi."

Profesa aligeuzageuza kile kipande mpaka Pokuaa akaanza kuuma kucha.

"Watu wa viwanda vya karatasi wanalijua hili," alisema mwishoni. "Nililisoma nikiwa kijana, nikalisahau. Maji ya majivu yanafungua vijitundu ndani ya mti, vimeng'enya vinapita. Ukikausha, vijitundu vinajifunga, kuta zinashikana, na ukirudisha maji havifunguki vyote. Nimewasimamia wanafunzi wangapi, na sijawahi kumuuliza hata mmoja: ulikausha?" Akavua miwani. "Nilimuuliza huyu kuhusu sukari ya chai."

"Uliniuliza kwa upole," Pokuaa alisema.

"Usinisaidie, binti yangu. Samahani." Akasimama. "Lakini jopo halitakula maneno. Nataka pipa jingine. Ligawanywe, nusu ibaki na maji yake, nusu ikaushwe hapa hapa, na mimi nione."

"Nani atakausha?" Pokuaa aliuliza, na tayari anacheka.

Maame Birago alikunja mikono. "Mimi sigusi tena kitu cha watu."

"Maame, hakuna Kumasi nzima mtu anayekausha kama wewe. Tafadhali. Safari hii una ruhusa."

Basi wakachemsha. Maame Birago alikoroga na mwiko wa tano, Profesa akitazama saa. Nusu ilianikwa kwenye turubai, naye akakaa na fimbo yake akifukuza kuku, mgongo umenyooka, kama mtu aliyeitwa na serikali. Nusu nyingine ikabaki ndani ya ndoo karibu na mtungi, na hiyo ndiyo iliyomnyima raha. Kila baada ya muda alikwenda kuifunua, anainyunyizia maji kidogo, anaifunika kitambaa chenye unyevu, anarudi. Dufie alipopitisha kichwa ukutani kuuliza kulikoni, aliambiwa ndoo imelala, apunguze sauti.

Siku ya nne Pokuaa alipiga simu kutoka maabara. Hakusema hodi wala habari.

"Iliyokauka thelathini. Mbichi sitini na tano."

"Bwana asifiwe."

"Profesa anacheza, Maame. Anacheza vibaya sana."

Mwezi wa saba, tarehe kumi na nne, Pokuaa alisimama mbele ya jopo kwa muda wa saa mbili na nusu. Mmoja wao, mwanamke mkali kutoka Accra, alimuuliza ilikuwaje akafikiria kulinganisha mbichi na kavu, jambo ambalo halikuwemo kwenye mpango wake. Pokuaa akasema hakulifikiria yeye. Akasimulia, bila kuficha, habari ya mama mwenye nyumba na turubai na Sabato. Yule mwanamke alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: huyo mama sabuni yake anauzia wapi?

Pokuaa alifaulu, na jioni hiyo alirudi na joho la kuazima, zito, la bluu. Mvua ilikuwa imemkuta njiani. Lilikuwa linachuruzika.

Maame Birago alikuwa amepika fufu na mchuzi wa mawese, na safari hii nyama zote zilikuwa upande mmoja wa bakuli, waziwazi. Alimkumbatia pale pale mlangoni, akalowa naye, hakujali. Mwezi wa nane ungekuja, Wenchi ingemchukua mtoto wake, lakini angalau angekwenda na kitu mkononi, na chumba cha mbele kilikuwa tayari kimeahidiwa kwa kila likizo.

Kisha Pokuaa alilivua joho, akaliminya ukingoni mwa kibaraza, na kumkabidhi kwa mikono miwili.

"Maame, kesho linarudi chuoni," alisema. "Hili sasa, kausha."

"Umesema mwenyewe?"

"Nimesema mwenyewe."

"Rudia, Dufie asikie."

Na Dufie, ambaye alikuwa ukutani tangu mwanzo, akasema amesikia.